Sadaka Niliyotoa Haikuwa Yangu

Mnaonifuata hapa mnajua huwa naanza na kichekesho cha kanisa: yule mzee anayelala mahubiri yote halafu anaamka na kusema amina kubwa kuliko wote, ama kwaya ya sare moja na viatu vya rangi kumi. Leo sina. Hii stori nimekaa nayo tangu muhula wa pili, nikiiandika na kuifuta. Mwenye stori hasa ni mdogo wangu, na nilimwomba ruhusa kwanza. Akafikiria kidogo, akasema, "Andika, lakini usijifanye shujaa." Sawa. Twende.

Mimi ni mtoto wa mchungaji. Kwetu ni Imenti Kusini, upande wa Nkubu, kaunti ya Meru. Baba anachunga kanisa dogo la mabati, watu kama 60 Jumapili ya jua, na nusu yao ikinyesha. Nilikuja Embu kusoma, nikamaliza, nikabaki. Napiga picha za harusi, ruracio na mazishi, nahariri video za watu, na kwa miaka miwili nilikuwa kwa timu ya midia ya kanisa moja hapa mjini. Kama umewahi kutazama ibada kwa simu ukiwa kitandani na kikombe cha uji, jua kuna mtu aliamka saa kumi na moja alfajiri kuunganisha nyaya ndiyo wewe usikie neno bila mikwaruzo. Huyo mtu alikuwa mimi.

Na niliipenda hiyo kazi, wacha niseme ukweli. Niliipenda ju ni huduma, na niliipenda pia ju ilinifanya nijulikane. Mchungaji akisema "Mungu awabariki vijana wetu wa midia" na watu wapige makofi, mimi kule nyuma ya kompyuta najifanya sijaskia, na moyo unaruka.

Sasa. Ijumaa moja mwezi wa saba tulikuwa na kesha. Kama umeishi huku chini ya Mlima Kenya unajua mwezi wa saba unavyokuwa: ukungu asubuhi, jua linachungulia saa nane, jioni baridi inaingia mpaka kwa mifupa. Kanisa letu lilikuwa limechanga pesa za kamera mpya lakini kamera ilikuwa bado haijafika, kwa hivyo simu yangu ndiyo ilikuwa inarusha ibada. Niliipanga kwa kisimamio saa mbili na nusu usiku, nikaizuia isiruhusu mtu kupiga ju simu ikiingia picha inakatika. Tukaimba, tukaomba, tukaombea vijana walioasi, tukaombea familia zilizovunjika. Nakumbuka hilo la familia vizuri, ju niliandika maneno yake mimi mwenyewe yakapita chini ya skrini.

Tulimaliza saa kumi na moja alfajiri. Nikachukua simu, nikapiga picha ya madhabahu na taa zake, nikaiweka kwa stori yangu ya WhatsApp na maneno matamu kuhusu kukaa nyumbani mwa Bwana. Halafu ndiyo nikaangalia waliopiga. Mdogo wangu, mara tisa. Na ujumbe mmoja wa saa nne usiku: "Sista niko Chuka. Nauli imeisha. Nipigie."

Angalia mpangilio wa hayo mambo. Stori kwanza, halafu simu. Mpaka leo hilo ndilo linaniuma kuliko yale mengine yote.

Nikampigia, simu yake imezima. Nikiwa bado nashangaa, Mama akapiga. Hakunisalimia hata. "Mdogo wako yuko kwako?"

Nilipanda matatu ya kwanza iliyojaa. Ile barabara ya Embu kwenda Meru naijua kama kiganja cha mkono: Runyenjes, unateremka kwa mto Thuci, unapanda, kona baada ya kona, majani chai huku na huku. Siku zote huwa nalala. Siku hiyo niliangalia kila mtu aliyekuwa anatembea kando ya barabara. Kijana wa miaka kumi na saba, usiku, baridi hiyo, simu imezima. Nilikuwa nimekesha nikiomba usiku kucha, lakini maombi ya kweli niliyaanzia ndani ya hiyo matatu.

Nilimpata kwa kituo kimoja cha mafuta pale Chuka. Alikuwa ameketi kwa kreti ya soda imegeuzwa, amevaa koti refu la soja, limemmeza. Mkononi chai ya maziwa kwa kikombe cha plastiki. Aliponiona hakusimama. Soja mwenyewe, mzee wa makamo, alikuwa amebaki na sweta tu, anapiga miguu chini apate joto. Akanitazama kutoka kichwa mpaka viatu, akauliza, "Wewe ndiye dada yake?"

"Ndiyo, baba. Asante sana. Mungu akubariki."

"Alikuwa anakupigia. Unafanya kazi ya usiku?"

"Hapana. Nilikuwa kesha."

Akatingisha kichwa polepole. "Aah," akasema. "Hata mimi nilikuwa kesha."

Hakusema kwa ubaya. Nafikiri hata hakumaanisha chochote. Alikuwa mtu wa kulinda pampu, amekesha kazini. Akachukua koti lake, akaenda kuripoti mwisho wa zamu. Nilimpa mia mbili akakataa, akasema nimnunulie kijana chapati.

Sasa mtauliza, kijana wa kidato cha tatu alikuwa anatafuta nini Chuka usiku? Hapo ndipo stori inaacha kuwa ya bahati mbaya na inakuwa yangu.

Alikuwa nyumbani wiki ya pili, ametumwa karo. Si mara ya kwanza muhula huo. Baba alikuwa ameuza ndume soko la Nkubu, na nyumba nzima ilijua ile pesa ni ya karo. Lakini kanisa lilikuwa na krusedi, na hema ilikuwa haijalipiwa, na mwenye hema alikuwa anapiga simu kila jioni. Baba akachukua pesa ya ndume "kwa muda", akisema Mungu atarudisha. Mimi nikasikia, nikamtumia mdogo wangu ujumbe: usijali, mwisho wa mwezi nakutumia elfu tano. Yeye akakaa na hiyo ahadi. Akawa anaenda kila asubuhi kumsaidia Mama shambani, na jioni anasoma na vitabu vya mwaka jana, akingoja elfu tano.

Mwisho wa mwezi ulipofika, kanisa langu likachangisha ya kamera. Mnajua vile harambee za kanisa zinaenda. Mwenye kipaza sauti anauliza, nani atasimama na elfu kumi, nani elfu tano? Akatazama kwetu. "Na hawa vijana wa midia, si kamera ni yao?" Watu wakacheka. Nikasimama. Nikatoa elfu tano, palepale, kwa simu, na ujumbe wa M-Pesa ukasomwa mbele ya watu. Walipiga makofi jamani. Mama mmoja alinikumbatia.

Mdogo wangu aliniuliza kuhusu pesa siku tatu baadaye. Nilimwambia, na naandika hii nikiona aibu, nilimwambia "Mungu atafungua mlango."

Kwa hivyo ile Ijumaa alipomwambia Baba kwamba amechoka kukaa nyumbani, Baba akamjibu awe na imani, mtoto akasema, "Basi huyo Mungu anayechukua pesa zangu ndiye anilipie karo." Baba akamwambia atoke mbele yake. Akatoka. Alikuwa anakuja kwangu. Nauli yake iliishia Chuka.

Nilimrudisha nyumbani siku hiyohiyo. Tulipita Chogoria kimya. Kutoka hapo mpaka Nkubu alisema kitu kimoja tu, akiangalia nje ya dirisha: "Hata usingekuwa na pesa, ungeshika tu simu."

Baba hakuwepo. Alikuwa ameenda kumtafuta upande wa Meru mjini kwa bodaboda. Mama alimkumbatia mtoto, akampa chakula, akamfunika, akatoka nje kuketi kwa kiti chake cha kukunja chini ya mgomba. Nikamfuata nikitaka kulalamika juu ya Baba. Ni rahisi kulalamika juu ya Baba. Nikaanza, "Mami, hii huduma yenu..."

Akaingia ndani, akarudi na daftari, lile la kurasa 96 la watoto wa shule, jalada limekatika. Akanipa. Ndani kulikuwa na tarehe, na wageni. Wageni saba, sukari kilo moja, unga kilo nne, kuku mmoja. Mwinjilisti na mke wake, siku nne, maziwa, mafuta, muda wa maongezi wa simu. Upande wa kulia wa kila ukurasa kulikuwa na mistari mingine mifupi. Viatu vya kijana, mwezi ujao. Miwani yangu, baada ya mavuno. Ya msichana ya mahafali, nitaomba kwa chama.

Nilikumbuka hayo mahafali. Niliambiwa pesa imepatikana, nikashukuru Mungu kwa ushuhuda kanisani.

Nikamuuliza anaandika ili amwonyeshe Baba siku moja? Akacheka. "Naandika nijue naomba Mungu nini."

Hajawahi kulalamika mbele yetu, Mama. Na si kwamba hapendi huduma. Wageni wakija yeye ndiye huwa wa kwanza kuwasha moto. Lakini niliona kwa mwandiko wake kitu ambacho hakikuwa kimeniingia: kila mara Baba alipotoa kwa Mungu, kulikuwa na mtu upande wa kulia wa ukurasa aliyelipa. Na huyo mtu hakuwa ameulizwa. Wala hakupigiwa makofi.

Nilirudi Embu Jumapili jioni nikiwa na hasira na Biblia. Nilienda kwa Musa, ju tunampenda sana Musa sisi watu wa huduma. Soma Kutoka 18 polepole. Yethro, baba mkwe wake, anasafiri jangwani kumletea Musa mke wake Sipora na wavulana wao wawili, Gershomu na Eliezeri, ju Musa alikuwa amewarudisha kwa wazee wake. Musa anatoka kumlaki mkwe, anainama, anambusu, wanajuliana hali, wanaingia hemani, stori inaenda mpaka kwa Farao. Nikatafuta mahali pale panaposema alimsalimia Sipora. Hakuna. Wavulana je? Hakuna. Labda aliwasalimia na mwandishi akaruka. Lakini kesho yake kulipokucha yuko kazini, ameketi kuamua kesi za watu kutoka asubuhi mpaka jioni, na watu wamesimama foleni. Mkwe akamwambia waziwazi kwamba jambo analofanya si zuri, atachoka yeye na atawachosha watu. Chagua wengine, mpe huyu elfu, yule mia, yule kumi. Nilikuwa nimesikia hiyo sura ikihubiriwa mara nyingi kama somo la uongozi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa nini ni mkwe, mtu aliyekuja na mke na watoto kwa mkono, ndiye aliyeliona tatizo.

Halafu nikafika Marko 7, na hapo nikafunga kitabu kwanza. Yesu anawakemea watu waliokuwa na njia safi kabisa ya kutosaidia wazazi wao. Mzee akiomba msaada, mtoto anasema, pole sana, kile ningekupa nimekiweka korbani, yaani ni cha Mungu sasa. Nani atabisha? Huwezi kugombana na Mungu. Na Yesu anasema wameitangua amri ya Mungu kwa desturi zao. Pale wametajwa wazazi, lakini ukiigeuza inaingia bila shida: mdogo wako akiomba karo, unasema ni kamera ya Bwana.

Ile ya mwisho ni ya mfalme Daudi, 2 Samweli 24. Arauna anataka kumpa bure kiwanja, ng'ombe na kuni za sadaka. Daudi anakataa, analipa, kwa sababu hawezi kumtolea Mungu kitu ambacho hakijamgharimu. Hiyo huwa tunaisoma wakati wa kuchangisha, si ndiyo? Sasa niambie, ile elfu tano ilinigharimu nini mimi? Nilikula vizuri wiki hiyo. Nililala kwa godoro langu. Aliyelala kwa kreti ya soda ndiye alitoa sadaka. Jina lililosomwa kwa kipaza sauti ndilo lilikuwa langu.

Sasa naskia mtu akisema, "Lakini sista, injili ina gharama. Watumishi wa kweli wameumia na familia zao zimeumia." Ni kweli, na sitaki kulipita hilo haraka.

Hapa kwetu tunajua. Askofu David Gitari wa Anglikana alikuwa askofu wa dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki kutoka 1975, dayosisi iliyoshika Embu, Meru, Kirinyaga mpaka kule Marsabit. Mwaka 1988 nchi ilipopiga kura kwa mlolongo, watu wakisimama foleni nyuma ya wagombea hadharani na wizi ukifanyika mchana, yeye alihubiri dhidi yake kwa jina. Aprili 1989 watu walivamia nyumba yake Kirinyaga usiku. Alipanda juu ya paa akapiga nduru, na majirani wakaja, wavamizi wakatoroka. Hakunyamaza baada ya hapo. Miaka ya baadaye akawa askofu mkuu wa Kenya nzima, 1997 mpaka 2002.

Huwezi kumwambia mtu kama huyo "weka familia mbele, acha kuhubiri". Kuna ukweli ambao ukisema, hatari inakufuata mpaka mlangoni, na wote walio ndani ya nyumba wanaingia hatarini na wewe. Wamethodisti nao, tangu wafike Meru 1912, wana utaratibu wao wa kuhamisha wachungaji, na nina rafiki ambaye kwa sababu hiyo alibadilisha shule ya msingi mara tatu. Hakufurahia, lakini anasema baba yake aliwaketisha kila mara, akawaeleza wanaenda wapi na kwa nini, na akawaacha walie. Wakatoliki walilijibu hili swali zamani kwa kuamua padri asioe. Hakuna jibu lisilo na bei.

Kwa hivyo siongei juu ya gharama ambayo injili yenyewe inadai. Naongea juu ya ile tunayojipangia sisi, ju kuna makofi upande mmoja na upande ule mwingine kuna Mama na daftari. Hakuna mtu aliyekuwa anatutesa kwa sababu ya imani ile Ijumaa. Hema ingeweza kuwa ndogo. Kamera ingeweza kungoja. Simu ingeweza kuazimwa kwa mtu mwingine. Tuliita msalaba kitu ambacho kilikuwa ni mpango mbaya.

Shosho yangu, mama yake Baba, alikuwa mtu wa Uamsho, wale wa Tukutendereza. Ule uamsho ulitoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukafika Kenya 1937, na huku mlimani ulishika moto. Walikuwa na kitu wanaita kutembea nuruni. Ushirika ukikutana, mtu anasimama anasema dhambi yake kwa jina. Na hazikuwa zile dhambi kubwa za kufurahisha watu. Shosho alisimama siku moja akasema amemnunia bwana yake kwa sababu ya sukari. Akarudi nyumbani akamwomba msamaha mbele ya watoto. Baba alikuwepo, alikuwa mdogo, na ndiye huwa anatusimulia akicheka.

Nilifikiria hilo sana. Siku hizi sisi tunasimama kutoa ushuhuda wa ushindi tu. Gari limepatikana, viza imetoka, kamera imefika. Kwa miaka miwili nilirusha mamia ya shuhuda na sikumbuki hata moja ya mtu akisema, nimemwomba mtoto wangu msamaha.

Basi Jumapili iliyofuata nilienda kwa kiongozi wa timu nikamwambia nataka kupumzika na makesha, na nitakuwa nakuja Jumapili mbili kwa mwezi. Nikampa majina ya vijana wawili niliokuwa nimeanza kuwafundisha nyaya. Ningependa kuwaambia alinielewa. Alinyamaza, halafu akasema tutakuombea. Wiki mbili baadaye nikasikia kwamba nimepoa. Wanaojua lugha ya kanisa wanajua "amepoa" ni nini. Mwingine akasema ni mambo ya mwanaume. Mwanaume! Bana. Jina langu likaondolewa kwa kikundi cha WhatsApp kabla hata sijaaga. Niliumia. Nililia kwa siku mbili, ju kumbe nusu ya imani yangu ilikuwa ni kuonekana nikiwa na imani.

Elfu tano ya mdogo wangu nililipa kwa awamu, moja kwa moja kwa akaunti ya shule, nikapiga harusi mbili na mazishi moja. Nikajiwekea sheria ndogo mbili na nimezishika mpaka sasa. Ya kwanza: siahidi pesa nikiwa nimesimama. Nikiguswa kanisani naenda nyumbani, nalala, naangalia ni nani nilikuwa nimemwahidi kabla, halafu ndiyo natoa. Kama moto umezima kufikia Jumatatu, basi ulikuwa wa kipaza sauti. Ya pili: watu watatu wanaweza kunipigia saa yoyote na simu italia, hata mchungaji akiwa katikati ya neno. Imeshalia mara moja kwa ibada. Ilikuwa ni Mama anauliza chumvi ya ng'ombe inauzwa pesa ngapi Embu. Nilitoka nje nikamjibu.

Na Baba? Kwetu baba haombi msamaha hivi kwa mdomo, mnajua. Alirudi usiku ule akiwa na vumbi mpaka kwa kope, akampata kijana amelala, akasimama mlangoni muda mrefu. Hakusema kitu. Lakini Mama alikuwa ameacha daftari mezani. Hajawahi kulisahau pale kwa miaka yote hiyo, kwa hivyo msiniulize kama alilisahau. Baba alilisoma kwa taa ya simu. Wiki iliyofuata aliwaambia wazee wa kanisa deni la hema lililobaki litachangwa na wote, na kwamba yeye hana ndume mwingine. Akampeleka mtoto shule mwenyewe, wakapitia dukani, akamnunulia viatu. Mdogo wangu alinipigia kuniambia, "Mzee ameninunulia viatu. Ni vikubwa kidogo, lakini usimwambie."

Haijaisha vizuri kama kwa sinema. Mdogo wangu hapigi kinanda kanisani tena. Likizo ilipofika Baba alimwomba mara moja, akakataa kwa heshima, na Baba akaliacha hapo. Hata kanisani kwenyewe anaenda akitaka. Watu wanamuuliza Mama, "Mtoto wa mchungaji haonekani?" na Mama anasema, "Nyumbani anaonekana." Jioni huwa anapiga kile kinanda kidogo sebuleni, nyimbo zilezile za kanisa, Baba akiwa ameketi anajifanya anasoma gazeti. Sijui imani yake iko wapi sasa hivi. Nimeacha kumhubiria. Nikimpigia namuuliza amekula nini.

Bado naamini katika huduma, na naamini kabisa. Kuna watu waliokombolewa kwa zile ibada tulizorusha, waliniandikia inboksi, na siwezi kusema haikuwa kitu. Vijana wawili niliowafundisha wanafanya vizuri kuniliko, na kamera ilifika, ni nzuri. Ninachosema ni kidogo tu: kabla hujasimama kutoa, jua unachotoa ni cha nani. Kama ni chako, toa mpaka uishiwe, na Mungu akubariki. Kama ni cha mtu mwingine nyumbani, mwulize kwanza. Anaweza kukubali. Mama angekubali mara nyingi, nina hakika. Hakuna aliyemuuliza tu.

Mwezi uliopita nikienda nyumbani nilishuka Chuka, nikaenda pale kwa kituo cha mafuta na chapati nne na sweta mpya. Yule mzee hayuko tena, kampuni ilimhamisha. Soja mpya hakujua ni wapi. Chapati nilimwachia yeye. Sweta ninayo bado, iko kwa mlango hapa. Kama kuna mtu wa Chuka anamjua, mzee wa koti refu, anayeongea polepole, aniambie.

Na wewe mtoto wa mchungaji, wa shemasi, wa mwimbaji, wa mama wa maombi, unayesoma hii ukiwa umejifungia chumbani na wageni wako sebuleni: nakuona. Kula kwanza. Halafu ukipata nafasi, muulize mama yako kama ana daftari.